Punguzo la Wazee

Alhamisi. Jua la hapa Kiboko leo limeanza kuchoma kabla sijamaliza chai ya asubuhi, na upepo wa upande wa Chyulu umeleta vumbi mpaka ndani ya sahani. Nimekaa nyuma ya nyumba, kwa kivuli cha tangi la maji, simu iko kwa goti. Moyo wangu hauko mahali pake.

Nimekuja kusahihisha bei.

Kwa yule anaingia hapa mara ya kwanza: mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mzaliwa wa Matinyani kule Kitui, mkaazi wa Kiboko tangu nilipoandikwa kazi kwa mashamba ya utafiti. Shule niliacha darasa la nne, lakini hesabu haikuniacha. Wasomi wenye digrii zao walikuwa wananiita niwaambie ni mtama gani utavumilia jua, na mimi nilikuwa nauma mbegu moja tu, nasema huu, na huo ndio ulikuwa unabaki shambani umesimama. Naandika kwa kidole kimoja. Mpwa wangu mwenye duka la simu kule Makindu alinifungulia ukurasa huu nilipomwambia nataka watu wajue bei za vitu. Alidhani nitachoka kwa wiki mbili. Ameona.

Nimewaandikia bei ya sukari ya Kiboko na ya Emali. Nimewaandikia vile unga wa Kitui mjini unashinda wa Makindu kwa bei, na hakuna mtu amewahi kunisahihisha. Lakini wengi mlinijua kwa ile habari ya ng'ambo.

Mnaikumbuka. Niliandika kwamba nimevuka mpaka pale Loitokitok, nimeingia Tarakea upande wa Tanzania, na kwa supamaketi ya huko nimenunua mchele, mafuta ya alizeti, sukari na sabuni kwa bei ambayo hapa kwetu ni ya kuota. Niliandika kwamba huko wazee wanaheshimiwa, mpaka kuna punguzo la wazee. Unafika kwa keshia, anakuangalia mvi, anakata bei. Niliandika hivyo mara tatu, kwa safari tatu. Niliwacheka nyinyi mnaonunua mchele wa pakiti kando ya barabara ya Mombasa kama watu wasio na miguu.

Bwana mmoja wa mji wa Wote aliniandikia hapa chini kwamba yeye alienda mpaka Tarakea na mama yake mzee, na hakuona punguzo lolote. Mimi nikamjibu kwamba labda mama yake hana sura ya mzee wa maana.

Ndugu wa Wote, nisamehe. Mwambie na mama anisamehe.

Sasa nitaeleza, na nitaeleza yote, kwa sababu nusu ya ukweli nimeshaiandika na mmeona imetufikisha wapi.

Kwa hiyo supamaketi kuna mashine mbili za kulipia. Ya kulia hukaa msichana anaitwa Neema, mwenye kucheka sana. Ya kushoto hukaa keshia mwingine. Huyo wa kushoto sikuwahi kumwandika hapa. Ni msichana wangu, kitinda mimba.

Jina lake ni Mwende. Mmeona, nimeliandika. Kidole hakijaanguka.

Miaka mitatu sijalitaja. Kwetu Ukambani msichana hajaolewa mpaka ntheo ifike, na ntheo ni mbuzi tatu. Hiyo si mahari yote, mahari ni hadithi ya miaka. Ni mbuzi tatu tu za kusema huyu sasa ni mke wa watu. Kabla zifike, baba haingii kwa hiyo nyumba, hali chakula kinachotoka kwa mkono wa hiyo nyumba, na huyo kijana hamwiti mkwe. Sikutunga hiyo sheria mimi. Lakini kuishika, hakuna mtu wa Matinyani amewahi kunishinda.

Yule kijana anaitwa Aloyce, Mchaga wa huko Tarakea, fundi wa pikipiki. Alikuja hapa kwangu miaka mitatu iliyopita na mjomba wake. Wazee wangu wamekaa, ndugu yangu ametoka Matinyani na kofia yake ya sherehe, sufuria ziko motoni. Mbuzi hakuna. Kijana akatoa bahasha, akasema mbuzi zimekuwa ngumu kuvuka mpaka, na hizi hapa ni pesa zake. Nikaipokea ile bahasha. Nikaiweka sikioni. Nikawaambia wazee, "Sijasikia ikilia."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nilijiona mtu.

Kijana aliirudisha bahasha ndani ya koti. Mwende alikuwa ameleta maji ya kunawa. Aliyaweka chini, akavuka uwanja akitembea polepole, akafuata mtu wake. Nilisema asikanyage hapa mpaka mbuzi zije. Hakukanyaga. Kitu kimoja alirithi kwangu ni hicho.

Wakapata mtoto huko, msichana, wakamwita Kavini, jina la mke wangu. Mimi sijamwona. Mama Mutinda, ndiye mke wangu, magoti yake yamekataa safari, kwa hivyo yeye humwona huyo mtoto kwa simu akiwa jikoni. Nikipita anaigeuza simu upande wa ukuta. Nami hujifanya nimekuja kutafuta kiberiti. Tuna viberiti vingi sana kwa hii nyumba.

Halafu mwaka jana Mama Mutinda akaanza maneno ya mchele. Ati mchele wa hapa hauna harufu. Ati amesikia ule wa Tanzania ukipikwa, jirani anauliza kuna sherehe gani. Ati bei ya huko ni ya chini sana, lakini safari hiyo ni ya watu wenye nguvu, si ya wazee.

Si ya wazee! Nilivaa viatu siku hiyo hiyo.

Nilijua ni nani anafanya kazi kwa hiyo supamaketi. Sitawadanganya. Nilijiambia, duka ni duka, mtu hununua mahali bei iko sawa, na mashine ziko mbili.

Safari ya kwanza niliaibika kidogo na hilo sikuliandika. Niliona sukari imeandikwa elfu tatu kwa kilo moja. Nilipiga kelele. Niliuliza kama hiyo sukari imetoka mbinguni. Neema alicheka akanieleza kwamba shilingi yao si shilingi yetu, moja yetu ni karibu ishirini zao, nigawanye. Nikagawanya hapo hapo kichwani, nikawaambia nilikuwa nawajaribu. Kutoka kwa ile mashine ya kushoto nilisikia mtu akicheka kwa pua. Kicheko hicho nakijua tangu kikiwa na meno mawili. Sikugeuka.

Na hapo kwa Neema ndipo nilipopewa punguzo. "Mzee wangu, wewe una punguzo la wazee. Toa hii tu." Nilitoa. Nikarudi Kiboko kama mtu ametoka vitani na ng'ombe za adui. Mchele ule tulipika Krismasi, wazee wa kanisa wakala, mchungaji akaongeza mara mbili, na mimi nikawatajia bei kabla hawajanawa mikono.

Nauli msiniulize. Yule bwana wa Wote aliuliza pia nauli. Nilimwambia nauli ni mambo ya mtu na miguu yake.

Jana Jumatano nilienda mara ya nne.

Nilitoka hapa mapema, Emali nikabadilisha gari, na kabla ya saa tano nimevuka mpaka. Afisa wa pale ananijua sasa, aliniuliza, "Mzee, mchele umeisha?" nikamwambia mchele ukiwa mzuri haukai. Nikajaza kikapu: mchele kilo kumi, mafuta, sukari, sabuni ya kufulia, na majani ya chai, ingawa majani yetu ni mazuri zaidi, lakini nilitaka kuyajua. Nikaelekea kulia.

Mashine ya kulia imefunikwa na kitambaa. Neema ameenda kujifungua.

Foleni ni moja. Ya kushoto.

Nilisimama hapo na kikapu nikifikiria kukiacha chini nirudi nyumbani. Halafu nikafikiria uso wa Mama Mutinda nikirudi mikono mitupu. Mimi sijawahi kurudi kutoka sokoni mikono mitupu, hata mwaka ule wa njaa. Nikajipanga. Mbele yangu watu watatu. Nyuma yangu bibi mmoja mwenye kitenge cha kijani, anapumua shingoni mwangu.

Zamu yangu ikafika.

"Shikamoo, baba," Mwende akasema. Hiyo shikamoo ameipata huko, kwetu hatuna.

Mimi nikaiangalia mashine. Nikasema, "Piga hesabu."

Akapiga. Amekonda kidogo usoni. Mikono yake inaenda haraka, tii, tii, tii, kila kitu kinalia kikipita, na niliona anaujua ule mfuko wa mchele, anaugeuza upande wa alama bila kutafuta. Akataja jumla, elfu hamsini na kitu za huko. Pesa nilizobadilisha pale mpakani hazikufika hapo. Nilikuwa nimebeba za bei ninayoijua mimi.

Nikajiambia, ameniona ni baba yake, ameninyima haki yangu. Na sauti yangu, mnaijua hata kwa maandishi.

"Na punguzo la wazee?"

Mwende akasema chini chini, "Ndiyo, baba. Nilisahau. Toa thelathini na tano."

"Punguzo gani?" Ni yule bibi wa kitenge. "Jamani, punguzo gani hilo? Mimi nina miaka sabini na mbili, nanunua hapa tangu duka hili linapakwa rangi, hata pipi sijapunguziwa. Au ni la Wakenya?"

"Mama, subiri kidogo," Mwende akasema.

"Nisubiri nini? Mimi sina mvi? Au mvi za Kenya ndizo mvi?"

Watu wakaanza kucheka, na mwingine nyuma akasema hata yeye ana mzee nyumbani, alikuwa hajui. Basi meneja akatoka kwa kile chumba chake cha kioo. Kijana mdogo, kalamu mbili mfukoni.

"Mwende, kuna punguzo gani hapa?"

Hapo ndipo niliona uso wa mtoto wangu. Niliuona hivyo mara moja tu, siku ile ya maji ya kunawa.

"Hakuna punguzo, bosi," akasema. "Nalipia mimi. Nalipaga kila akija, kabla mashine haijafungwa. Risiti zipo zote, hata Neema umpigie umuulize. Sijaibia duka." Akavuta pochi yake kutoka chini ya meza, akahesabu noti kwa vidole vile vile vya haraka, akaziweka ndani ya droo mbele ya watu wote. "Huyu ni baba yangu."

Meneja aliangalia noti. Akaniangalia mimi. Akasema, "Sawa. Lakini siku nyingine uniambie," akarudi kwa kioo chake. Nashukuru Mungu kwa huyo kijana. Angeweza kumfukuza hapo hapo, na mimi ndiye ningekuwa nimemfukuzisha na mdomo wangu.

Unajua nilifanya nini? Nilisema, "Toa mafuta. Toa na sukari." Nilitaka kupunguza vitu mpaka vitoshe pesa zangu.

"Baba, wacha," Mwende akasema.

"Toa na sabuni."

Yule bibi akanigonga begani, si kwa upole. "Wewe mzee, wa kwangu wako Dar, wananitumia salamu. Salamu! Nipike? Wewe unalishwa, na bado unanuna. Chukua mchele wako utupishe."

Nilichukua. Sijawahi kuamrishwa hivyo tangu mama yangu aende.

Nje ya duka kuna baraza ya saruji. Nilikaa juu ya mfuko wa mchele, nikauangalia ule mlima wao umefunikwa na wingu, na nikafikiria kitu kimoja tu. Nimekula.

Miaka mitatu nimekataa chakula cha ile nyumba. Nimekataa hadharani, mbele ya ndugu yangu, mbele ya kanisa. Na kumbe karibu mwaka mzima sasa nakula kwa mkono wa mtoto wangu, na nawalisha wazee wa kanisa kwa mkono wake, na naandika kwenye mtandao nikijisifu. Mbuzi hata moja haijaja. Mimi mwenye sheria ndiye nimeivunja, tena nikiomba nyongeza.

Saa ya chakula alitoka. Amebeba kikombe cha chai na chapati kwa karatasi. Alisimama mbali kidogo, akasema, "Hii imepikwa na mama ntilie hapo ng'ambo ya barabara. Si ya nyumbani kwangu."

Mnaona vile ananijua? Hata mlango wa kutokea ameniachia wazi.

Nikanywa. Tukakaa. Pikipiki zinapita tu.

Nikauliza, "Kwa nini?"

"Kwa nini gani, baba?"

"Hilo punguzo."

Alikunja ile karatasi ya chapati mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kidole. "Mama alisema hutakuja kuniona mimi hata dunia ipinduke. Lakini kwa bei rahisi utakuja. Na kweli ulikuja. Halafu nikaona bei zetu si rahisi hivyo, mchele ndiyo, lakini sukari ni sawa tu na ya Emali, na wewe una hesabu. Ungegundua, hungerudi. Nikaongea na Neema."

Niliangalia ndani ya kikombe.

"Unasimama kwa foleni ya Neema kama dakika kumi," akasema. "Unagombana na bei za watu. Unavaa ile kofia. Basi, hizo dakika kumi."

Nilikunywa chai iliyokuwa imeisha.

Nikamuuliza sasa lile la pili, lile lililokaa kifuani miaka mitatu. Kwa nini mtu wake aliniletea bahasha. Aliniangalia kama mtu anafikiria kama niko tayari kusikia.

Akaniambia. Mbuzi zilikuwako. Aloyce alizitoa kwa zizi la baba yake, tatu, dume moja na majike mawili, akazifikisha mpakani. Hapo wakamwambia mnyama havuki bila karatasi ya daktari wa mifugo, na daktari hayuko. Akalala na mbuzi hapo mpakani siku mbili akimngoja. Jike moja likaugua. Na huku wazee wameshaitwa, ndugu yangu ameshatoka Matinyani. Akaziacha mbuzi na rafiki, akakopa pesa za kuzidi bei ya mbuzi tatu, akazitia kwa bahasha, akapanda gari na nguo zinazonuka zizi. Alitaka kueleza. Nilikuwa nimeshaiweka bahasha sikioni.

Ile harufu naikumbuka sasa. Ndugu yangu alininong'oneza kwamba huyu Mchaga ananuka mbuzi lakini mbuzi hana, na tukacheka tena.

"Na mbona hakununua Emali?" nikasema. Niliisikia sauti yangu imepanda. "Ijumaa Emali imejaa mbuzi! Amezipita na gari! Pesa anayo mfukoni!"

Mwende akanishangaa. "Inaruhusiwa?"

"Mbuzi ni mbuzi!"

"Kwao ni lazima itoke zizi la nyumbani, baba. Ya kununua njiani ni matusi kwa mkwe. Alijua ukijua ni ya sokoni utamfukuza. Akaona afadhali pesa, pesa angalau ni jasho lake."

Basi hivyo ndivyo ilikuwa. Yeye kule anaogopa kunitukana na mbuzi ya sokoni. Mimi huku ntheo zangu mwenyewe, nilipomuoa Mama Mutinda, mbili nilinunua sokoni Kitui asubuhi hiyo hiyo, na moja ilikuwa kilema. Baba mkwe alizipokea. Alisema zinalia vizuri.

Hilo sikuwahi kumwambia mtu mpaka leo.

Nilisimama, nikafuta kofia vumbi. Nikamwambia Mwende, "Mwambie kesho kutwa ni Ijumaa. Soko la Emali linaanza asubuhi."

Alisema, "Ndiyo, nau." Nau ndiyo baba kwa Kikamba, na ndivyo aliniita akiwa mdogo, kabla ya shule kumfundisha baba. Akakimbia kurudi kwa mashine yake, na kwa mlango akajipangusa uso na ile karatasi ya chapati.

Leo asubuhi nilitoa mkebe wangu wa risiti. Nazihifadhi zote, ndizo ushahidi wangu kwa wabishi. Nimeziangalia juani, miwani mbele ya pua. Jumla ya kweli imeandikwa hapo chini kabisa kwa kila moja, ile kubwa, si ile niliyolipa. Ilikuwa imeandikwa tangu siku ya kwanza. Mimi bingwa wa bei sikuwahi kusoma mpaka chini, kwa sababu maandishi ni madogo, na kwa sababu nikiona tarakimu nyingi za huko huchoka nikajifanya nimeelewa. Nimelisema.

Kwa hivyo bei sahihi ni hii. Mchele wa Tarakea ni mzuri na ni rahisi kuliko wetu, lakini si nusu. Mafuta ya alizeti yako chini kidogo. Sukari ni ile ile. Sabuni usisumbuke. Punguzo la wazee halipo. Lilikuwa la mzee mmoja tu. Msiende huko na magunia mkimsumbua yule meneja.

Saa saba Mama Mutinda alipika. Harufu ilifika mpaka hapa kwa tangi. Alinipakulia akakaa kwa kigoda chake, goti limenyooshwa, akaniuliza kama mtu ambaye hajui kitu, "Punguzo lilikuwako?"

Huyu mwanamke. Miaka arobaini na sita.

Nilitafuna. Nikameza. Nikasema, "Mchele wa Mwende ni mzuri."

Alinigeuzia mgongo akaanza kusukuma kuni kwa jiko, na moto ulikuwa unawaka vizuri tu. Alizisukuma kwa muda mrefu. Halafu akasema, bila kugeuka, kwamba atahitaji sufuria kubwa ya jirani, na kwamba ndugu yangu wa Matinyani apigiwe simu leo, si kesho, kwa sababu kofia yake huchukua siku mbili kuitafuta. Akachukua simu yake akampigia Mwende hapo hapo mbele yangu. Hakuigeuza ukutani. Niliona paji la uso la mtoto, na hilo paji ni la Mama Mutinda mzima mzima. Mtoto aliniangalia, akalia. Ana haki.

Sasa niko na shida moja, na ndiyo imenifanya niandike mapema kabla simu haijaisha chaji.

Aloyce atakuja Emali kesho na mjomba wake. Lakini yule Mchaga hajui bei ya mbuzi ya huku. Wale wauzaji wa Emali nawajua, wakimsikia akisema "jamani" na "naomba" watamuuzia mbuzi kwa bei ya ng'ombe. Na mimi baba wa msichana siwezi kusimama hapo nikimsaidia kununua mbuzi za kuniletea mimi mwenyewe. Hiyo haijawahi kufanyika. Nikionekana, watu wa Matinyani watacheka mpaka nizikwe.

Lakini mtu anaweza kwenda sokoni kununua kamba. Hiyo hakuna sheria inakataza. Nitasimama kwa wauza kamba, nimewapa mgongo, kofia imeshuka. Mwende nimeshamwambia amweleze mtu wake: nikikohoa mara moja, bei ni nzuri, alipe. Nikikohoa mara mbili, aondoke kama mtu aliyetukanwa, watamuita. Na jike lenye masikio yaliyolala asiliguse hata nisipokohoa.

Jumamosi zitakuja hapa kwa mlango, na mimi nitakuwa nimekaa na wazee kama mtu ambaye hajawahi kuziona. Nitaziangalia meno. Huyo dume nitamshika pembe niulize ametoka zizi gani. Na yeyote atakayesema ni za sokoni, nitamuuliza kama hazilii.

Najaribu kukohoa hapa tangu saa nane, nipate kile cha moja kisifanane na cha mbili. Mama Mutinda amechungulia dirishani akaniuliza kama nipewe dawa.

Nimemwambia mimi ni mzima. Sijawahi kuwa mzima hivi.